Mawe ya Ngorongoro na Kaburi la Songea

Msafiri atokaye Karatu alfajiri, akiisha kuyaacha nyuma mashamba ya kahawa na udongo wake mwekundu, akapita lango la Lodoare na kuukwea msitu uliogubikwa na ukungu, hukuta juu ya ukingo wa kasoko mnara mfupi wa mawe, uliojengwa kwa umbo la piramidi. Hapo amelazwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959, umri wake miaka 24, baada ya ndege yake kugongana na tumbusi katika siku zile alipokuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Profesa Bernhard. Kila nipitapo husimama nikavua kofia, kwani maiti wa umri ule hana adui.

Walakini moyo huniuliza: na vijana wetu waliokufa wakiipigania nchi hii, mawe yao yako wapi? Wamasai wapitapo kaburi la laiboni huongeza jiwe, na hiyo ni heshima ambayo kila aliyekufa kwa ajili ya watu wake anaistahiki. Jawabu liko kusini, mwendo wa zaidi ya siku moja, mjini Songea, mahali paitwapo Mahenge.

Wala Songea si mbali na Ngorongoro kwa historia. Kabla ya Vita Kuu ya 1914, ndugu wawili, Adolf na Friedrich Siedentopf, walilima na kufuga ndani ya kasoko hii chini ya himaya ya dola iyo hiyo ya Kijerumani iliyotundika vitanzi huko kusini. Vita vya Majimaji, vilivyozuka Julai 1905 katika vilima vya Wamatumbi kwa dhuluma ya pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko, viliwafikia Wangoni wa Songea, nao wakaingia wakiitakidi kwamba dawa ya maji itazizuia risasi. Tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa mashujaa 67, na miongoni mwao alikuwa Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, wahadithiavyo wazee, alipoona wenziwe wamekwisha hakutaka kusalimishwa, akadai afuatane nao, naye akanyongwa siku chache baadaye. Kisha yakachomwa mashamba na maghala, hata njaa ikaua wengi kuliko bunduki.

Leo sanamu za manduna zimesimama pale karibu na kaburi la pamoja la mashujaa hao, na kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika. Tarehe 1 Novemba 2023 alifika Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akaomba msamaha, akaahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Songea, ambalo ukoo wake husema lilichukuliwa Ujerumani. Wajukuu zake wangali wakilingoja, ili wamzike mtu mzima.