Mbegu na Chakula: Historia Fupi ya Sharti Tunalolisahau

Muyama iko katika milima ya Buha, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu mpaka Buhigwe ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Huko, kama kwingineko nchini, fundi simu habadilishi vioo tu. Kwa malipo madogo humwekea mteja programu kutoka kwenye kadi yake ya kumbukumbu, kwa mfano VLC ya kutazamia video. Machoni pa sheria, fundi huyo ni msambazaji wa programu, na programu aliyoisambaza ina leseni yenye sharti.

Sharti hilo ni lipi? Programu huandikwa na binadamu kwa lugha ambayo binadamu mwenzake aweza kuisoma na kuirekebisha. Andiko hilo ndilo msimbo chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa faili tekelezi, mfululizo wa sifuri na moja ambao mashine huutii lakini msomaji haambulii kitu. Mkulima wa Kasulu huielewa tofauti hii upesi kuliko wengi wa wanafunzi wangu: maharage yaliyopikwa hushibisha, lakini hayaoti. Leseni ya GPL, aliyoiandika Richard Stallman na kuitoa mwaka 1989, kisha toleo la pili mwaka 1991, yataka anayegawa chakula agawe na mbegu. Ukitoa faili tekelezi, toa na msimbo wake, au ahadi ya maandishi, isiyopungua miaka 3, kwamba yeyote atakayeuomba atapewa kwa gharama ya kuunakili tu. Wala kutoa sehemu ya msimbo hakutoshi; maelekezo yanayotumika kuugeuza kuwa faili tekelezi nayo ni sehemu ya deni.

Kwa miaka mingi kampuni kubwa zililichukulia sharti hili kama salamu ya heshima. Mwaka 2003 iligundulika kwamba ruta ya Linksys, aina ya WRT54G, ilikuwa ikiuzwa na Linux ndani yake bila msimbo kutolewa. Shinikizo likawa kubwa, msimbo ukatolewa, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt ambao mpaka leo huhuisha ruta zilizosahauliwa na watengenezaji wake. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, katika shauri la Harald Welte dhidi ya Sitecom, ilikubali kwamba GPL ina nguvu ya kisheria. Hoja yake haikuwa ngumu: ruhusa ya kunakili inatoka kwenye leseni, na anayeivunja leseni hana ruhusa nyingine ya kusimamia.

Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tukio hilo husimuliwa kama ushindi wa lugha, na ni kweli. Lakini lugha isingepata pa kuingilia kama msimbo wa OpenOffice.org usingekuwa wazi chini ya leseni ya LGPL, ndugu wa GPL. Hakuna aliyelazimika kumpigia magoti mwenye mali ili maneno ya Kiswahili yakae kwenye menyu.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya watu ni dawa. Tangu 2013 Tanzania imetumia eLMIS, mfumo wa taarifa na maombi ya dawa uliojengwa juu ya OpenLMIS, wenye leseni ya AGPL. Hapa mtumiaji hapokei faili yoyote. Anaingia kwa kivinjari, naye msambazaji wa GPL ya kawaida angeweza kusema hajasambaza kitu. AGPL iliziba mwanya huo: aliyeibadilisha programu na kuiweka kwenye mtandao lazima awape wanaoitumia njia ya kupata msimbo. Mfamasia wa wilaya anayejaza maombi humo ana haki ya kuuomba. Sijui ni mangapi kati ya mafunzo ya mfumo yanayomwambia hivyo.

Watakaosema haya ni mambo ya Ulaya wasome Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Programu za kompyuta zinalindwa humo, kwa hiyo kukiuka leseni yake ni kunakili bila idhini hapa nyumbani pia. Lakini tusianze na fundi wa Muyama. Toleo la pili la GPL linamlinda mteja wake, kwani haki zake hutoka moja kwa moja kwa mwandishi na hazipotei kwa kosa la aliyempa. Tuanze na muuzaji anayeingiza makontena ya simu zenye kiini cha Linux, na mzabuni anayejenga mfumo wa halmashauri juu ya kazi huria kisha anakabidhi faili tekelezi peke yake. Huyo wa pili hutuuzia kazi ya bure, na mfumo ukiharibika hurudi kutuuzia ukarabati.

Watumishi wa manunuzi mnaosoma hapa, kifungu cha mkataba kinatosha mistari miwili: msimbo kamili ukabidhiwe pamoja na maelekezo ya kuujenga, na malipo ya mwisho yasitoke kabla mtaalamu wa halmashauri hajaujenga mwenyewe, kwenye kompyuta ambayo mzabuni hajaigusa.