Maiolika: Ufinyanzi wa Italia na Wakusanyaji Wake

Weupe wa maiolika si wa kauri ya China. Ni udongo wa kawaida uliochomwa, ukachovywa katika mchanganyiko wa kioo kilichosagwa na oksidi ya bati. Mchoraji alipaka rangi juu ya mchanganyiko huo ukiwa umekauka kuwa unga, kabla chombo hakijarudi tanurini, nao hunyonya papo hapo: mkono ukiteleza, hakuna kufuta. Bluu ilitokana na kobalti, kijani na shaba, njano na antimoni.

Miji ya Faenza, Deruta, Gubbio na Urbino ndiyo iliyotamba katika karne ya 16. Mwaka 1524 Eleonora, mke wa mtawala wa Urbino, alimzawadia mama yake, Isabella d'Este, seti ya vyombo iliyochorwa na Nicola da Urbino. Leo seti hiyo imetawanyika katika makumbusho mbalimbali.

Karne ya 19 matajiri wa Ulaya walivigombania vyombo hivi, na penye bei nakala hazikosekani. Karakana ya Cantagalli ya Florence ilitia alama ya jogoo kwenye kazi zake, na huo ni uungwana; wengine walinyamaza. Ndiyo maana mkusanyaji makini huigeuza sahani kwanza kutafuta alama chini yake. Ukingo uliomeguka usimtie shaka. Sahani ya miaka 500 isiyo na mkwaruzo hata mmoja ndiyo ya kuulizia.