Jaribio la asikloviri (Mwanza)

Jaribio la asikloviri lilikuwa utafiti wa kitabibu uliofanyika kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ukiendeshwa kutoka jiji la Mwanza kando ya Ziwa Viktoria. Lengo lake lilikuwa kujua kama dawa ya malengelenge ya sehemu za siri inaweza kuwakinga wanawake wasiambukizwe VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa haiwezi.

Usuli

Matumaini yalikuwa na msingi. Mwaka 1995 jaribio lingine, katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza, lilionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ng'ambo ya ziwa, huko Rakai nchini Uganda, dawa ziligawiwa kwa jamii nzima na punguzo halikuonekana (1999). Dawa hizo hazikugusa malengelenge, yanayosababishwa na virusi vya HSV-2. Virusi hivyo haviondoki mwilini, na mwenye navyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU.

Utafiti

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao wa London waliandikisha wanawake 821 wa miaka 16 hadi 35, wenye HSV-2 lakini wasio na VVU, waliofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na sehemu za chakula. Kwa kura, baadhi walipewa asikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku, wengine vidonge bandia. Walioambukizwa VVU walikuwa 27 katika kundi la dawa na 28 katika kundi la pili.

Sababu

Kwanza vilishukiwa vidonge visivyomezwa. Wafanyakazi wa baa huhamahama, na kumeza dawa kila siku bila kuumwa si jambo jepesi. Ingawa umezaji ulikadiriwa kufikia asilimia 90, HSV-2 ilionekana ukeni karibu sawa katika makundi yote mawili.

Lakini hiyo haitoshi. Jaribio kubwa zaidi la nchi kadhaa, lenye washiriki zaidi ya 3,000, nalo lilishindwa mwaka huohuo. Mwaka 2009 watafiti wa Seattle, Marekani, waligundua kwamba kidonda kikishapona, seli za CD4 hubaki zimejazana mahali pale kwa wiki nyingi, hata kwa anayemeza asikloviri. Hizo ndizo seli ambazo VVU huzishambulia. Dawa ilifunga kidonda. Mlango ulibaki wazi.

Dawa za kuzuia CRF, homoni inayoanzisha msongo mwilini, zilipatwa na jambo linalofanana: zilipunguza unywaji wa panya waliozoeshwa pombe, lakini peksaserfonti na veruserfonti hazikupunguza hamu ya pombe kwa binadamu.

Asikloviri inaendelea kutumika kutibu malengelenge.