Kuvuta

Mwenye skuta inayogoma kupanda kuelekea Laiser Hill, Kajiado, humwambia fundi: "Haivuti mlima." Pikipiki husukumwa na gurudumu la nyuma, lakini hutasikia mtu akisema "haisukumi". Na kitenzi hakijakosea sana: skuta haina gia za kukanyaga, ina mkanda unaovuta puli ya nyuma. Ndani ya puli ya mbele mna rola, kwa kawaida sita. Zikiwa nzito hurushwa nje mapema, mkanda unapanda kwenye puli, injini inaelemewa kabla haijachanganya. Weka rola nyepesi kidogo, injini izunguke kwa kasi zaidi, na mlima utapandika. Petroli nayo italika zaidi, jambo ambalo mafundi wengine hawalitangazi.