Samadi na Udongo wa Shamba

Samadi ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na matandiko ya zizini: nyasi, mabua na majani yaliyokanyagwa humo. Ukiipima kwa virutubisho peke yake, haiuwezi mfuko wa mbolea ya dukani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni; kuzipata kwenye samadi kavu ya ng'ombe kunahitaji tani moja na nusu au zaidi, na sehemu kubwa ya hizo haitatoka msimu wa kwanza. Kazi isiyofanywa na urea ni kuujenga udongo wenyewe.

Bakteria na kuvu wanaoozesha samadi hutoa utelezi unaogandisha chembe za udongo, na nyuzi za kuvu huzifunga zikawa vidonge vidogo. Katikati ya vidonge hivyo hupita hewa, maji na mizizi. Udongo wa mfinyanzi hulainika. Wa kichanga, ambao maji huupita tu, huanza kuyashika. Kulithibitisha hili ni rahisi. Chukua bonge kavu kutoka shamba linalotiwa samadi kila mwaka, na jingine kutoka shamba lililochoka, uyatumbukize kila moja kwenye glasi ya maji bila kuyatikisa. La kwanza hutoa mapovu na kubaki bonge. La pili humomonyoka likawa tope papo hapo. Ndivyo linavyofanya pia mvua ya kwanza inapolipiga: tope huziba matundu, likikauka huwa ukoko, na mvua zinazofuata huondoka na udongo wa juu.

Kwa upande wa kemia, faida huonekana zaidi kwenye udongo mwekundu wa nchi za joto. Mfinyanzi wake, hasa wa aina ya kaolini, una uwezo mdogo wa kushika kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Mboji, yaani kile kinachobaki samadi ikishaoza kabisa, huyashika madini hayo mara nyingi zaidi kwa uzito uleule. Penye tindikali kali mboji huifunga aluminiamu inayodumaza mizizi, na hupunguza fosforasi inayonaswa na madini ya chuma.

Ila si kila takataka ni mbolea. Mabua makavu ya mahindi yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo; ukiyafukia na kupanda wiki hiyohiyo, vijidudu huitwaa naitrojeni ya udongo ili viyaozeshe, na mimea hugeuka manjano. Samadi mbichi nayo huleta mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Lundo linaloozeshwa vizuri hufikia nyuzi joto 55 hadi 65, na hapo nyingi hufa. Lakini hasara kubwa kuliko zote ni ya mkojo, kwa kuwa humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya potasiamu na, mara nyingi, karibu nusu ya naitrojeni. Zizi lisilo na matandiko wala paa hupoteza vyote viwili: amonia hupaa, mvua husomba kilichobaki. Mkulima anayelalamika kwamba samadi haisaidii mara nyingi amebeba ile iliyokwisha kufuliwa na mvua.

Mboji ikishajengeka hudumu, kutegemea mahali. Huko Rothamsted, Uingereza, kipande kimoja cha shayiri katika shamba la Hoosfield kilitiwa tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa. Zaidi ya karne moja baadaye bado kilikuwa na mboji nyingi kuliko kile ambacho hakikupata kitu. Kwetu joto halituachii nafasi hiyo. Kwenye jaribio la Kabete, Nairobi, lililoanza 1976, kaboni ya udongo iliendelea kushuka hata palipotiwa samadi, ingawa polepole kuliko pasipotiwa.

Wakara wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, waliishi na hesabu hii ya kuurudishia udongo mwaka hadi mwaka kabla haijaingia maabara. Ardhi yao ni kichanga kitokanacho na miamba ya itale, watu ni wengi, na nafasi ya kupumzisha shamba hakuna. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, kwenye shimo, wakikatiwa majani. Shimo likijaa, samadi ilibebwa hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, wakaifukia baadaye. Marejea ndiyo iliyoingiza naitrojeni mpya kutoka hewani, maana ng'ombe haumbi rutuba: huikusanya malishoni akaiacha zizini, na malisho yasiporudishiwa kitu huchakaa. Kazi yote hiyo ilikuwa ya mkono, mwaka hadi mwaka. Wakara waliohamia bara, kwenye ardhi tele, wengi wao waliiacha.