Abiria Alipopewa Mdomo

Anayesafiri kutoka Eldoret kwenda Webuye hupita Turbo, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Malaba. Hapo malori ya Uganda na matatu hugombania lami ileile. Kwa dereva, barabara hiyo ndiyo mahali pake pa kazi, lakini kwa miaka mingi usalama wake haukuzungumzwa hivyo. Ajali ikitokea, jibu lilikuwa tayari: dereva mzembe. Wachache waliuliza alianza kazi saa ngapi, au mwenye gari alidai hesabu ya shilingi ngapi jioni.

Wanasaikolojia walikuwa wakiuliza maswali ya aina hiyo tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1943 Alphonse Chapanis alichunguza kwa nini marubani wa ndege za B-17 walikunja magurudumu ndege ikiwa imeshatua. Akakuta swichi ya magurudumu na ya vibawa zinafanana, tena zimekaa karibu. Dawa yake ilikuwa kigurudumu kidogo cha mpira juu ya swichi moja, ili mkono uitambue kwa kugusa. Rubani hakukaripiwa.

Kenya ilianza kufikiri hivyo Februari 2004, kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kazi. Matatu zikafungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mikanda, zikachorwa mstari wa njano. Kanuni zilitaka pia dereva na makanga waajiriwe kwa mshahara. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilikuwa kipengele kizito kuliko vyote, na ndicho kilichosahauliwa upesi. Dereva anayefukuzia hesabu atakimbia tu, na vidhibiti mwendo vina mafundi wa kuvichezea.

Mei 2007 pigo likatoka angani. Ndege ya Kenya Airways, safari KQ507, ilianguka usiku mara baada ya kuruka kutoka Douala, Kamerun; watu wote 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi ilisema marubani walipotewa na mwelekeo gizani, na kwamba hawakushirikiana ipasavyo. Kasoro hiyo ya kutoshirikiana inajulikana sana katika urubani. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 rubani msaidizi hufundishwa kumkatiza mkubwa wake anapoona mambo yanaharibika.

Ndani ya matatu, nani angemkatiza dereva? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walimteua abiria. Walibandika ndani ya matatu za masafa marefu vibandiko vya kumhimiza apaze sauti dereva akiendesha ovyo, na madereva waliovitunza wakaingizwa kwenye bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa madai ya bima kwa magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio la pili, kubwa zaidi, lilipunguza madai kwa kati ya robo na theluthi. Mwaka 2015 kampeni hiyo ya vibandiko, iliyoitwa Zusha!, ikapelekwa nchi nzima pamoja na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA.

Kibandiko ni karatasi ya bei nafuu, na kimefanya ambacho faini nyingi zimeshindwa kufanya. Basi ukipanda gari Turbo na dereva akalipita lori kwenye kona, mwambie apunguze mwendo. Usingoje jirani yako aanze.