Michuki Alitufunga Mikanda. Watoto Je?

Wapwani wenzangu, leo tuongee mambo ya mikanda.

Juzi asubuhi nimesimama pale Mwembe Tayari nangoja matatu, likapita gari la skuli. Njano inang'aa, jina la skuli kubwa ubavuni. Ndani watoto wamebanana watatu kwenye kiti cha wawili, mmoja kapiga magoti anachungulia dirishani. Mikanda ipo? Ipo. Imepigwa mafundo nyuma ya viti ili isisumbue.

Wazee husema Mwembe Tayari ilipata jina kwa misafara ya bara iliyokuwa ikijikusanya hapo chini ya mwembe. Mpaka leo ni mahali pa kupandia mabasi. Kwa hivyo hili swali la safari salama tuliulize papa hapa.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya 2004, Nissan ilipakia watu 18, na utingo bado anaita. Oktoba 2003 waziri wa uchukuzi, John Michuki, akatangaza kanuni mpya, zikaanza kazi tarehe 1 Februari 2004. Abiria 14 tu, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, na mkanda kwa kila kiti. Magari mengi yakatoweka barabarani, watu wakaenda kazini kwa miguu. Mzee hakulegea. Muulize mamako: kuna kipindi abiria alikuwa akikaa tu, anajifunga mwenyewe bila kuambiwa.

Halafu ikawaje? Mikanda ikachafuka, ikakatika, ikawa ya kushikiliwa kifuani ukifika kwa trafiki, ukipita unaiachilia. Sheria haikufutwa hata siku moja. Kilichoisha ni ule ukaguzi, na sisi tukaisha nao.

Sasa watoto. Mwaka 2017 Sheria ya Trafiki ilirekebishwa: magari ya skuli yawe ya njano, yawe na mikanda inayomfaa mtoto. Njano tumeiona, maana rangi huonekana kwa mbali. Mkanda lazima uingie ndani ndio uuone.

Kuna wanaoniambia, "Mbona Marekani mabasi makubwa ya skuli hayalazimishwi mikanda na sheria ya taifa?" Ni kweli. Tangu 1977 wao wanategemea viti virefu vyenye sponji, vilivyosogezwa karibu karibu ili mtoto akirushwa mbele apokewe na kiti. Lakini basi lile limeundwa maalum, na hata hivyo kiti hicho hakimsaidii sana gari likibingirika. Tena mabasi yao madogo yanalazimika kuwa na mikanda. Sisi watoto wetu wengi wako kwenye vigari vidogo. Sasa tunajilinganisha na nani?

Uingereza walijifunza kwa uchungu. Novemba 1993 basi dogo la skuli lilipata ajali kwenye barabara ya M40, wakafa watoto 12 na mwalimu wao. Kufikia 1997 mikanda ikawa lazima kwa magari yanayosafirisha watoto kwenye ziara. Sisi nasi tumezika. Machi 2024 pale Maungu, wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walikufa wakija huku kwetu Mombasa. Mkanda hauzuii trela, lakini humzuia mtu asirushwe kama gunia.

Kwa hivyo msimamo wangu: hatuhitaji sheria nyingine. Tunahitaji mtu wa kuingia ndani ya gari. Michuki hayupo tena, alifariki 2012, na hatuwezi kungoja waziri mkali azaliwe.

Mzazi, muhula ujao kabla hujalipa pesa ya gari, panda wewe mwenyewe. Kaa kwenye kiti cha mwanao. Vuta mkanda. Ukikataa kufunga, usilipe mpaka urekebishwe. Wakikuona msumbufu, sawa tu. Michuki naye aliitwa hivyo hivyo.